Waridi la Naivasha au asumini ya uani: lipi la harusi yako Mombasa?

Wiki haipiti bila mtu kuingia dukani kwangu na simu mkononi. Hunionyesha picha, na picha ni ileile hata wenye simu wakibadilika: mawaridi ya krimu yamesongamana kwenye tao, nyuma yake bustani ya kijani na mwanga wa nchi ya baridi. Nyuma ya binti mwenyewe husimama mama au shangazi, kimya, jicho lake liko kwenye kapu langu la asumini lililofunikwa kitambaa kibichi. Sihitaji kuambiwa ubishi ulianzia wapi. Binti anataka ua la kuonekana. Mama anataka ua la kunukia.

Nauza yote mawili, kwa hiyo sina upande wa kuvutia. Swali langu la kwanza halihusu rangi wala bei. Nauliza: shughuli ni mwezi gani, na ni saa ngapi? Mwezi huamua waridi. Saa huamua asumini. Mengine tutaelewana.

Waridi halina msimu, soko lake ndilo lenye msimu

Waridi unalonunua Mombasa halikuota Mombasa. Limetoka bara, kwenye mashamba ya kando ya Ziwa Naivasha, karibu mita 1,900 juu ya bahari, au Timau, kwenye miteremko ya Mlima Kenya, juu zaidi ya hapo. Usiku wa huko ni wa sweta na blanketi. Baridi ile hulifanya ua likue polepole, shina likarefuka na kichwa kikanenepa, na ndiyo sababu mawaridi ya mashamba ya juu kabisa huwa na vichwa vikubwa kuliko ya mabondeni. Sisi hununua kwa urefu wa shina: sentimita 40, 50, 60 na kuendelea. Na kwa kuwa ikweta iko hapo hapo, mchana ni wa saa kumi na mbili Januari hadi Disemba, waridi linachanua mwaka mzima.

Ila kuchanua ni jambo moja, kukufikia wewe ni jingine. Sehemu kubwa ya maua hayo hupandwa kwa ajili ya Ulaya. Ikikaribia 14 Februari, magari ya baridi yanapishana kwenda Uwanja wa Ndege wa Jomo Kenyatta, na kabla pumzi haijashuka imefika 8 Machi, siku ya wanawake, kisha siku ya akina mama ya Waingereza ambayo huja katikati ya Kwaresima. Wiki hizo sisi wa Mombasa tunapata mabaki: mashina mafupi, rangi usizochagua, bei ya kukufanya ushike kiuno. Halafu ndio kilele cha kaskazi, mchana nyuzi 32 au 33, hewa nzito kama shuka lililoloa. Ua lililozoea sweta linashushwa humo.

Geuza kalenda uone. Juni hadi Agosti Ulaya ni kiangazi. Bustani zao zimejaa maua yao wenyewe na watu wako likizo. Oda za nje hupungua, na mashina marefu yaliyokuwa yakipanda ndege hubaki nchini. Kwetu wakati huo ni kusi, upepo wa baharini unavuma, mchana haupiti sana nyuzi 28. Ukiniuliza mimi, harusi ya mawaridi Mombasa ni ya Julai na Agosti. Binti wa picha ya krimu akija na tarehe ya Agosti, simbishii hata kidogo.

Mwaka 2026 mambo yaligongana. Ramadhani ilianza siku chache tu baada ya 14 Februari, kwa hiyo harusi za Shaaban, ambazo kila familia huzikimbiza kabla ya mfungo, ziliangukia majuma yaleyale Ulaya inapofagia mawaridi. Mwaka wa Kiislamu hurudi nyuma siku kumi na moja hivi, kwa hiyo 2027 Shaaban itakuwa zaidi Januari, na harusi za Mfunguo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, zitaingia Machi, jua la utosi. Kama yako iko humo, soma sehemu ya asumini mara mbili.

Kuna jambo jingine la waridi ambalo picha haisemi: safari. Miaka michache nyuma nililetewa masanduku matatu kwa basi la usiku kutoka Nairobi, karibu kilomita 480. Asubuhi nikafungua la kwanza nikakuta vichwa vyote vimeinama kama watoto waliogombezwa. Utingo aliyaweka palipokuwa na nafasi, na nafasi ilikuwa karibu na injini. Harusi ilikuwa jioni ileile. Nikashika petali: zilikuwa laini, hazijakauka. Kilicholegea ni shingo, kidogo chini ya kichwa. Hapo ujue hewa imeingia kwenye shina na maji hayapandi. Tukajaza beseni la kufulia, tukalaza maua yote ndani, kichwa na shina, kisha tukakata kila shina sentimita mbili tatu kwa mshazari, likiwa bado chini ya maji ili lisivute hewa nyingine. Baada ya saa moja na nusu shingo zikaanza kunyooka, moja moja, kama mtu anayeamka usingizini. Thuluthi hivi halikuamka. Petali zake tulizimwaga juu ya zulia la bibi harusi na hakuna aliyeuliza.

Tangu siku hiyo waridi la Jumamosi huwa dukani kwangu Alhamisi. Siyo kwa sababu ya mabasi tu. Waridi hufika limefumba, na linahitaji usiku mmoja au miwili ndani ya maji ya kina ili lifunguke kiasi cha picha. Majani yote yatakayozama kwenye maji hutolewa, la sivyo yanaoza na maji yanatoa harufu. Na ukichukua maua nyumbani mapema, usiyaweke jikoni. Kaskazi ni wakati wa maembe, na embe linaloiva hutoa gesi ya ethilini inayozeesha maua, hasa yale yaitwayo carnation. Nimewahi kukuta oda yangu nzima imeegeshwa juu ya kapu la maembe ya ngowe, mama mwenye nyumba akidhani amenisaidia kuiweka kivulini.

Asumini nayo haiijui Ulaya

Majina yote mawili yalishuka na majahazi: asumini kutoka Uajemi, waridi kutoka Uarabuni. Tofauti ni kwamba asumini ilishuka ikakaa. Iko kwenye nyua za Mji wa Kale, kwenye madebe ya rangi yaliyotobolewa chini, ukutani kwa jirani. Joto linaloliua waridi ndilo linaloiamsha asumini. Kaskazi inapochoma, kichaka kinajaa matumba meupe. Kusi ikishika inapunguza, na mvua ya masika ikiipiga alasiri, tumba linaingia madoa ya kahawia na harufu inakuwa ya kutafuta.

Anayeniuzia ni bibi mmoja mwenye vichaka vinne nyuma ya nyumba. Huchuma baada ya alasiri, mapema hachumi na kuchelewa hataki. Mara ya kwanza nilipomwomba anichumie asubuhi nipate nafasi ya kutunga alinicheka.

"Mwanangu, asumini si sukuma wiki," akasema. "Ukiichuma asubuhi unachuma ya jana."

Na kweli. Tumba linalochumwa alasiri ni lile litakalofunguka usiku huohuo. Likiwa limefumba bado, limevimba, nyeupe kama jino, unalitunga kwenye uzi kwa sindano, tumba kwa tumba. Mkufu mmoja wa kuzungusha kwenye fundo la nywele unakula zaidi ya mia. Unaufunga kwenye jani la mgomba au kitambaa kibichi. Hadi hapo hainuki sana. Baada ya magharibi inaanza kufunguka, na ikifika saa tatu usiku, chumba kizima kinajua bibi harusi ameingia kabla hajaonekana. Alfajiri imeshakuwa rangi ya chai.

Basi huo ndio uhai wake: saa kumi hivi, na tamu kati ya hizo ni tano au sita. Kwa shughuli ya usiku, kama kupamba, sherehe ya wanawake ya kumwonyesha bibi harusi, hakuna ua linaloikaribia. Kwa harusi ya kanisani ya saa nne asubuhi ni kumdanganya mteja, na sifanyi. Unaweza kuiweka kwenye jokofu ikiwa imefungwa kitambaa kibichi ikalala hadi kesho yake, lakini asumini iliyolala hunukia kwa kigugumizi.

Asumini haitembei peke yake. Kwenye kikuba huambatana na mrehani na vipande vya mkadi, na vilua, maua mengine ya kunukia, vikipatikana, vyote vikafungwa kifungu kidogo cha kuchomeka kwenye nywele au kifuani. Mkadi ndio mvumilivu wa kundi. Ua lake la kunukia hutoka kwenye mti dume tu. Mti jike unatoa tunda kama nanasi. Na hata likikauka harufu yake haikimbii, ndiyo maana wazee wetu waliliweka sandukuni kati ya kanga. Bibi harusi akiniuliza aweke nini kama ukumbusho, simwambii akaushe waridi. Namwambia achukue mkadi.

Ukiyaweka ubavu kwa ubavu

Kwa picha, waridi linashinda na halina mpinzani. Kamera haina pua. Jukwaa la mita nne likipambwa kwa asumini, kutoka safu ya tatu utaona uzi mweupe tu, kama mtu alisahau kuondoa kamba. Waridi lina umbo, lina kivuli, linajaza nafasi.

Kwa pua, mambo yanageuka. Mawaridi mengi ya mashamba makubwa yamechaguliwa kwa shina refu, kichwa imara na kustahimili safari. Harufu ilipotea njiani. Mtu akiinama kunusa shada la harusi nyakati hizi, mara nyingi ananusa majani na maji. Na sherehe ya wanawake ya pwani bila harufu ni chai bila iliki. Angalizo moja: ukifukiza udi kwa wingi ndani ya ukumbi uliofungwa, asumini ya kwenye kuta na meza inamezwa. Iweke mwilini, kwenye nywele na kwenye koja la bwana harusi, ambapo pua ya anayemkumbatia itaifikia.

Kwa mfuko, usiyalinganishe kwa jicho. Waridi unalipa shina, na bei yake inapanda na kushuka na kalenda niliyokueleza. Asumini unalipa vidole. Maua yenyewe si ghali. Kazi ya kuyachuma kwa saa moja na kuyatunga kwa mbili, wakati watu wote wanaotaka wanataka jioni ileile, hiyo ndiyo bei. Mikufu mitano ya nywele kwa wasimamizi ni nafuu kuliko mashada matano ya mawaridi. Lakini ukitaka mapazia ya asumini nyuma ya kiti cha bibi harusi, utahitaji wanawake kumi na wawili wa kutunga na pochi isiyoogopa.

Kwa jua, hakuna mshindi. Harusi ya ufukweni Diani au Nyali saa tisa mchana inayachoma yote mawili. Upepo wa bahari unakausha petali za waridi pembezoni mpaka zinakuwa kama karatasi, na asumini haijafunguka bado. Hapo natafuta kitu kingine.

Yale yaliyo katikati

Kitu hicho kwanza ni helikonia na anturiamu. Hizi ni za joto kwa asili, hazishangai Mombasa. Anturiamu ikiwa kwenye chombo cha maji hukaa wiki mbili na zaidi, petali yake imeng'aa kama iliyopakwa vanishi, na kuna wateja wasioipenda kwa sababu hiyohiyo. Wanadhani ni ya plastiki. Hatari yake ni kinyume cha waridi. Waridi unalitunza kwenye baridi ya nyuzi mbili hadi nne. Ukiiweka anturiamu humo inaungua kwa baridi, inatoka na mabaka meusi. Chini ya nyuzi 12 au 13 usiipeleke. Nimeona mpambaji mgeni akifungia vyote kwenye jokofu moja usiku, asubuhi ana mawaridi mazuri na helikonia za kuzika.

Cha pili, na hiki ndicho ninachompa binti na mama wasipokubaliana, ni tuberosi. Ina shina refu, matumba meupe yanafunguka kutoka chini kwenda juu kwa siku kadhaa, inastahimili joto na inanukia, usiku zaidi. Haina uzuri wa waridi wala utamu wa asumini, ila picha inaiona na pua inaiona. Mashina ishirini ya tuberosi ndani ya tao la makuti mabichi yaliyosukwa yamenimalizia ubishi wa familia zaidi ya mara moja.

Bogenvilia ni ya bure na rangi zake hazina mfano, lakini ikikatwa tu inanyauka kwa hasira. Pamba nayo saa ya mwisho au iache mtini.

Maua ya plastiki nitayasemea kifupi. Kumbi nyingi zinayo ukutani, yanakodishwa, hayafi, na kwa ukuta wa nyuma ulio mita sita kutoka kwa wageni sina ugomvi nayo. Mkononi mwa bibi harusi, hapana. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti: atakayemkaribia kumpa mkono atajua.

Yanavyosimama

Watu huchagua ua, wakasahau linasimama kwenye nini. Kwa meza za ukumbi wenye kiyoyozi natumia oasisi, ile sponji ya kijani. Ukiinunua mwenyewe, iweke juu ya maji ndani ya ndoo na uiache izame yenyewe. Ukiizamisha kwa mkono, nje inaloa na katikati inabaki kavu, na shina lako linafika kwenye ukavu. Haitumiki mara mbili, tundu la jana ni njia ya hewa leo. Haiozi pia, na makombo yake yanakaa mchangani, kwa hiyo siipeleki ufukweni. Huko nakunja waya wa kuku ndani ya chungu kilichojaa maji, mashina yanashikwa na matundu, na waridi linakunywa vizuri kuliko kwenye sponji yoyote.

Asumini haihitaji hayo. Inataka uzi, sindano na mtu mwenye subira.

Ningechagua hivi

Nikahi alasiri na kupamba usiku uleule, Disemba hadi Machi: asumini, mkadi na mrehani kwa bibi harusi na wasimamizi, tuberosi kwa jukwaa. Mawaridi kumi na tano tu, ya shada la mkononi, yakae kwenye maji mpaka dakika ya picha. Julai hadi Septemba nageuza: mawaridi jukwaani bila woga, na asumini kiasi itakayopatikana, kwenye nywele za bibi harusi peke yake. Aprili na Mei, mvua ikiwa imeshika, sitegemei asumini. Naagiza waridi, na mrehani hauchagui mvua. Harusi ya kanisani ya asubuhi, mwezi wowote, waridi au tuberosi. Ufukweni mchana, helikonia na makuti, na mtu wa kusimama na chupa ya kunyunyiza maji.

Wiki iliyopita walikuja tena wawili, binti na shangazi, tarehe ya Januari. Binti alitoa picha. Shangazi akachukua mkufu mmoja wa asumini kutoka kwenye kapu, akauzungusha kwenye fundo la nywele za binti bila kumwomba ruhusa. Ilikuwa saa kumi na moja jioni, matumba bado yamefumba.

"Mbona hayanuki?" binti akauliza.

"Nenda nayo nyumbani," shangazi akamjibu. "Utanipigia simu saa tatu."

Saa tatu na robo simu ilikuwa yangu. Waridi la krimu limebaki, mashina kumi na tano.

Ukija kuagiza, njoo na tarehe, saa, na jibu la kama ukumbi una kiyoyozi. Waridi nipe wiki mbili, mwezi mzima kama ni karibu na 14 Februari. Asumini siku tatu zinatosha, na siku yenyewe acha simu yako wazi baada ya alasiri. Mvua ikinyesha saa hiyo, nitakupigia mimi.